Ukunga, Si Uganga

Mama muuza vitambaa alishindwa kuivumilia furaha yake peke yake, akamgeukia mzee asiyemjua aliyekaa naye kwenye basi. "Mzee wangu, leo nimepumua! Jana binti yangu kanipigia, simu inakatakata, nikasikia anataka kusomea uganga. Sikupata hata lepe la usingizi. Kumbe ni ukunga!"

"Hongera. Hiyo kazi ina uhakika."

"Sana! Watu wataacha lini kuzaa? Sasa huo uganga, zama hizi, wateja angewatoa wapi?"

Basi likasimama. Mzee akanyanyua mkoba wake, vibuyu vikagongana ndani. "Hawakosekani, mwanangu," akasema kwa upole. "Wale vijana pale kituoni wananisubiri mimi. Wanataka dawa ya kupata ajira."