Sahani ya Choroko Kabla ya Shule

Bwana apewe sifa, wapendwa! Mimi ni Mama Tumaini, muuza vitumbua wa Kariakoo. Nimesimama kutoa ushuhuda wangu.

Ndugu zangu, binti yangu Tumaini alikuwa hatulii. Tangu ajue kutembea ni kukimbia, kupanda, kumwaga, kuropoka. Darasani hakumaliza hata mstari mmoja. Mwalimu akamrudisha: "Mama, huyu simwezi." Watu wakasema ana pepo. Akaombewa mpaka sauti zikakauka, shangazi yake akamfukiza ubani. Wapi! Baba yake akachoka, akaondoka. Hajarudi hadi leo.

Siku moja Tumaini akakatiza mbele ya mkokoteni wa magunia. Msukumaji akaanguka, akavunjika mkono. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaja.

"Mpeleke kijijini kwa bibi yake. Hapa mjini ataua mtu."

Bibi mwenyewe haoni! Nililia, ndugu zangu. Nikamwambia Mungu, kama umetusahau, basi tuchukue wote wawili.

Jibu likaja kupitia Mama Jayesh, jirani yetu Mhindi mwenye duka la vitambaa. Alinikuta nalia, akageuza ndoo, akakaa.

"Huyu asubuhi anakula nini?"

"Chai ya sukari na vitumbua."

"Mchana?"

"Vitumbua, mama. Ndivyo nilivyo navyo."

"Wangu alikuwa hivi hivi. Chakula hakikumponya. Ila akishiba choroko asubuhi badala ya sukari, alikuwa anasikia ukimwita."

Akanipa choroko za kuanzia. Zilipoisha nikapanga foleni duka la ushirika, mara nyingi nikarudi na kapu tupu. Nikipata maharage au dagaa, Tumaini anakula kwanza. Wiki zikapita sioni kitu! Nikakata tamaa. Kisha asubuhi moja nikaita, "Tumaini!" Akageuka. Akaja. Sikuwahi kumwita mara moja akaja! Nikaketi chini palepale.

Nikamrudisha shule, mwalimu akakubali awe anakaa hadi mapumziko tu. Mjumbe akasema tungoje tuone.

Ndugu zangu, sikuleta ushuhuda wa mtoto aliyepona. Tukikosa chakula, fujo zinarudi. Msikieni, ndiye huyo anayegonga bati huko nje! Lakini hakupelekwa kijijini. Usiku nikinyoosha mkono, yupo. Asante, Yesu!

Na wewe mama uliyekaa karibu na mlango ili utoke haraka mtoto wako akianza fujo, usitoke. Njoo huku mbele, uje naye. Tumwamini Bwana pamoja, hata mtoto akipiga kelele.