Bi. Ardis Kangas Aliyetukataza Kutoa Alama kwa Adabu

Ijumaa, tarehe 28 Februari 2025, Bi. Ardis Kangas anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha simu za dharura hapa Duluth, Minnesota.

Alianza mwaka 1994 akipokea simu na kutuma magari ya wagonjwa. Baadaye akahamia upande wa kompyuta kwa sababu, kwa maelezo yake, alichoka kuzilaumu bila kuzielewa.

Mwaka 2018 tulitakiwa kuchagua programu mpya ya kuongoza magari hayo. Makampuni matatu yalileta zao, na kamati ikapewa jedwali la vigezo: kasi, urahisi wa kutumia, ubora wa ramani, na uwezo wa kuendelea na kazi sehemu moja ikiharibika. Sasa, mnatujua watu wa Minnesota. Hata chakula kikiungua, tutasema si kibaya. Wauzaji walikuwa wametoka mbali kwenye theluji, nani angewavunja moyo? Tukagawa alama nne kati ya tano kila mahali, na programu zote tatu zikatoka sare.

Bi. Ardis aliyachana majedwali yetu. Akatulazimisha kulinganisha vigezo viwili viwili: kipi kizito kuliko mwenzake, na kwa mara ngapi. Adabu ikakosa pa kujificha. Mimi, Loren Vukelich, nilikuwa nimependa programu yenye ramani za kupendeza, nikasema mitambo huharibika kwa nadra.

"Sawa, Loren," alisema. "Hiyo ramani ikizimika, inampeleka nani hospitali?"

Kisha mbele ya wauzaji akachomoa waya wa mashine kuu iliyoendesha kila programu. Programu mbili zilizimika pale pale. Ya tatu, yenye sura isiyovutia kama maji ya kuoshea vyombo, ilihamia mashine ya pili ya akiba na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo iliyoshinda. Nilimnunia wiki nzima, ingawa kununa kwa hapa ni kumkatia mtu kipande kidogo cha keki.

Januari 2022, saa nne asubuhi, katikati ya tufani ya theluji, mashine kuu ilikufa. Ya pili ikashika kazi ndani ya sekunde tatu. Hakuna aliyegundua mpaka tulipoisoma ripoti mchana.

Katika sekunde zile iliingia simu moja tu. Mzee alikuwa ameanguka akiondoa theluji mlangoni kwake, moyo umesimama. Gari lilimfikia kwa wakati. Mzee huyo ni baba yangu. Nilipoiona saa ya simu ile kwenye ripoti, nilikaa chini nikalia. Bi. Ardis aliniletea kahawa.

Bi. Ardis, asante. Pumzika kwa raha, wewe na mumeo, na samaki wawe wengi ziwani mkienda kuvua. Baba anatimiza miaka themanini na mmoja mwezi ujao, na ameniomba niandike kwamba anakutakia maisha marefu na mema.