Udongo wa Geoffrey Umewekwa Kando

Bwana asifiwe, wenyeji wa Malava, na nyinyi mliosafiri usiku kutoka Kibera na Kawangware. Mimi ni Makau, kakake marehemu, wengi mnanijua kwa kuchekesha watu harusini, leo nimepewa karatasi, na dada yangu aliacha amri nisiruke kitu.

Bridgit Syokau alizaliwa tarehe 12 Machi 1974 huko Mwala, Machakos, akasoma hapo hadi mtihani wa darasa la nane mwaka 1988, na mwaka 1991 akaja Kianda, Kibera, kwa shangazi yetu Kaluki, akafulia watu nguo, hadi mwaka 1995 alipofungua kibanda cha matumbo kule Kongo, Kawangware, akiyaosha mpaka yanang'aa, na mteja akiuliza kama ni safi anajibiwa, "Haya ni safi, ya kwako ndiyo sijui."

Tarehe 5 Desemba 1998 aliolewa na Vincent Khamala, fundi wa viti, mwenye boma hili, wakajaliwa Geoffrey mwaka 1999 na Nafuna mwaka 2004.

Sasa ugonjwa. Syokau alikataa tuandike "aliugua kwa muda mfupi", akasema miaka sita inapita hata mhula wa mbunge. Alianza kuhara damu Mei 2019, tukasema ni amiba, tukasema ni taifodi, kila mara mbio kwa kemisti, mpaka Agosti 2023 alipoingizwa kamera ya kukagua utumbo, na daktari akatueleza kwamba ukuta wa utumbo una walinzi wake, chembe ndogo zinazonusa vijidudu, na vijidudu vingi humo ni wapangaji wasio na shida, lakini adui akiingia walinzi hupiga filimbi, wenzao huja mbio, na kazi ikiisha filimbi hunyamaza. Ya dada yangu haikunyamaza. Walinzi walipiga wapangaji, kisha wakageukia nyumba yenyewe, utumbo ukatoboka, akafanyiwa upasuaji, akatuacha Jumanne tarehe 3 Juni 2025.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala haukutoka kwenye sufuria yake, kwa hivyo wateja walioanza kushika tumbo huko nyuma watulie. Ila wakati mwingine hufuata damu ya ukoo, na ndiyo sababu mnaniona nikiangalia simu.

Najua mnaulizana kifungua mimba yuko wapi. Geoffrey, naye ameniruhusu kusema, anahara damu tangu Januari, kamera yake ameiahirisha mara mbili akimuuguza mama, na siku aliyopewa tena ni leo, Nairobi, atanipigia akishatoka. Alipoapa kwamba hata iweje hatakosa kumzika, mama alimwambia, "Wewe enda kamera. Mimi nitakuwa nimelala, sitajua nani hakuja."

Wazee, tunajua udongo wa kwanza kaburini ni wa mtoto wa kwanza. Baba yake ameomba wa Geoffrey uwekwe kando, uko kwenye karai hapo mbele, tafadhali msiupige teke.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kongo waliomwendeshea kibanda, mafundi wenzake Vincent, na akina mama waliofua shuka zile bila kukunja uso.

Simu sijaizima, pasta ameruhusu, ikilia katikati ya maombi nitashika. Bado haijalia. Syokau, pumzika kwa amani, hii ya kungoja tuachie sisi.