Dada Viambatisho, Aliyeomba Chuo Mara Mbili

Ndugu, jamaa na majirani, jina kamili la mpendwa wetu mmelisoma kwenye jalada la ratiba. Humu ndani tutamwita kama mtaa ulivyomwita, maana kwa jina la vyeti hakuwa mwepesi wa kuitika. Alikuwa Dada Viambatisho.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa kwanza wa fundi wa mashine za chapa na mke wake mshona nguo. Walipanga vyumba viwili. Cha nyuma walilala, cha mbele kilikuwa karakana. Alijifunza kutambaa katikati ya mashine zilizopasuliwa matumbo, na siku moja kitufe cha herufi K kikapotea. Baba alipekua kila kona. Mama akasema, "Kama amekimeza, mwache. Atakuja kutamka vizuri." Siku hizo fundi alikuwa mtu. Ofisi ilipoharibikiwa na mashine ilituma tarishi, na fundi akifika alivutiwa kiti, akaulizwa habari za nyumbani kabla ya habari za mashine. Leo fundi anapigiwa simu na sauti isiyojitambulisha.

Baba huyo shule yake iliishia darasa la tatu. Yaliyobaki aliyasoma kwenye karatasi alizozikuta zimesahaulika ndani ya mashine za watu: nusu ya barua ya kufukuza mpangaji, robo ya hotuba, maombi ya likizo yasiyo na mwisho. Jioni alimsomea binti. Ndiyo maana kabla hajaanza shule, Dada Viambatisho alisimama mbele ya mama yake, mikono nyuma, akasema, "Husika na kichwa cha habari hapo juu, naomba sukari." Mama alicheka mpaka akaketi chini. Sukari ikatoka.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988 na kumaliza 1994. Akiwa kidato cha pili, mama yake alifariki. Tangu hapo kila mahali palipotaka mtu mzima wa kumsemea, alisimama baba: kwa mwalimu mkuu, kwa mwenye nyumba, hospitalini. Zamani huyo aliitwa mdhamini. Mtoto alipopelekwa shule mpya, mtu mmoja anayeaminika aliongozana naye, akamwambia mkuu wa shule, "Huyu namjua. Akiharibika, nijieni mimi." Hakuweka chochote mezani isipokuwa jina lake, na lilitosha. Binti alilijua neno hilo kwa maana hiyo na hakuwa na nyingine.

Alimaliza kidato cha sita mwaka 2001, hisabati akiwa amewaacha wavulana mbali. Aliomba chuo ili awe mwalimu wa hisabati, akachaguliwa. Ada hapakuwa nayo, kwa hiyo akaomba ufadhili. Katikati ya fomu palikuwa na swali: "Je, mwombaji ana mdhamini?" Alifurahi kuliona. Aliona hapo ndipo pa kuonyesha kwamba hakuokotwa njiani. Akaandika kwa mwandiko wake wa siku za sherehe: "Ndiyo. Baba yangu mzazi."

Majibu yalikuja mafupi. Mwombaji ana mdhamini, kwa hiyo hastahili kufadhiliwa.

Baba alivaa tai akaenda. Enzi za makarani wa kukuvutia kiti zilikuwa zimeanza kwisha. Alikuta kioo chenye tundu, na kijana nyuma yake.

"Mzee, hapa umeandikwa mdhamini. Si umlipie tu?"

"Mimi ni mdhamini wa tabia yake."

"Tabia hatuna fungu lake hapa, mzee."

"Msahihishieni basi hilo neno moja."

"Dirisha la masahihisho limefungwa."

"Dirisha si hili tunalozungumzia?"

"Mzee, usinichekeshe kazini. Wenzako wanasubiri."

Binti alikuwa akimngoja kizingitini. Alimwona anavyoivua ile tai tangu njiani, akajua. Aliingia ndani, akaweka maji ya chai, na alipotoka alisema tu, "Basi, baba. Mwakani." Lakini mwakani chuo kilitaka aombe upya kabisa, mdogo wake naye alikuwa anaingia sekondari, na mashine za chapa zilikuwa zinahamishiwa stoo, ofisi moja baada ya nyingine. Mtu mmoja nyumbani alilazimika kutafuta kazi, naye ndiye aliyekuwa na nguvu.

Mwaka 2003 aliajiriwa kwenye duka la steshenari linalotazamana na lango la sekondari. Wengi wenu mnalijua: benchi moja, kompyuta iliyofunikwa kitambaa, stepla iliyofungwa kwa kamba mezani kwa sababu waombaji ufadhili huondoka na stepla. Aliajiriwa kupiga chapa na kutoa nakala. Hakuna aliyemwajiri kuwauliza wanafunzi maswali. Lakini kila aliyeleta fomu aliulizwa, hata kabla ya salamu kwisha, "Viambatisho viko wapi?" Wakamtania kwa jina hilo, likamganda.

Aliwakagua kama mama anayekagua masikio ya mtoto. Cheti cha kuzaliwa kina herufi moja zaidi ya cheti cha shule: rudi ukaape kwa wakili, usisubiri wakuulize. Picha umevaa kofia: vua. Chuo umekiomba, malazi hujaomba: utalala wapi, ubaoni? Alijua ufadhili upi unatangazwa mwezi gani, upi wa wasichana wa sayansi tu, upi unataka barua ya mwalimu na upi unaitaka ndani ya bahasha iliyofungwa na mwalimu mwenyewe. Na mtu akifika kwenye neno mdhamini, aliweka kidole chake juu ya karatasi na kusema, "Simama hapo. Hawa wanauliza kama kuna mwenye hela. Kama hayupo, andika hana. Usiwaambie habari za moyo wako."

Kulikuwa na msichana aliyeleta insha ya kueleza kwa nini anastahili ufadhili. Dada Viambatisho aliisoma, akaivua miwani.

"Umaskini umeutaja mara ngapi humu?"

"Sijahesabu, dada."

"Wameshauona kwenye fomu. Waambie unataka kusoma nini."

"Niandikie wewe basi. Wewe unaijua lugha yao."

"Nikiandika mimi, darasani ataenda kukaa nani?"

Msichana alinuna, akaketi kwenye benchi, akaandika, akafuta, akaandika. Leo ni mkemia. Yumo humu, amekaa nyuma, hakutaka tumtaje zaidi ya hapo.

Baadaye fomu ziliingia mtandaoni. Ikawa mtoto anaomba chuo bila kuonana na binadamu hata mmoja, anajibiwa na mashine, anakataliwa na mashine, na akitaka kulalamika anaambiwa achague sababu kati ya sababu nne. Dada Viambatisho hakulalamika kama wengine tunavyolalamika. Alijifunza. Alisema, "Ukali wao ni uleule, wameubadilishia nguo tu."

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2008 na fundi wa mashine za kutoa nakala, aliyekuja dukani kutoa karatasi iliyokwama na akawa anarudi hata mashine ikiwa nzima. Siku alipoletwa nyumbani, baba mkwe alimuuliza kazi yake. Aliposema, mzee akageuka kwa binti. "Umeniletea adui wa mashine zangu mezani?" Mkwe akajibu, "Mzee, mimi natoa nakala. Asili inabaki kuwa yako." Tangu siku hiyo hawajawahi kukosana. Mungu aliwajalia binti mmoja, ambaye sasa yuko kidato cha pili.

Huyo binti ndiye aliyemchokoza. Mwaka 2021, akiwa na miaka kumi na miwili, alimuuliza mama yake, "Mama, wewe ulisoma chuo gani?" Mama akajibu, "Cha dukani." Mtoto hakucheka. Mume naye akasema taratibu, "Kuna mlango wa watu wazima wa kuingilia chuo siku hizi. Wewe mwenyewe ndiye unayewaambia watu." Aliwakatalia. Akawakatalia tena. Kisha mume akakuta daftari la hisabati la kidato cha sita limewekwa chini ya mto.

Ugonjwa wa figo uligundulika Juni 2022. Akawa anaenda hospitalini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, ameketi kwenye kiti kile cha kulalia karibu na dirisha, mkono wa kushoto ukiwa na mirija. Kwa mkono wa kulia alikuwa anakokotoa. Muuguzi alimgombeza, "Mgonjwa, tuliza mkono." Akasema, "Huu ndio mlioniambia niutulize, nauona umetulia. Ule mwingine una kazi zake."

Mwezi wa tatu mwaka huu alipasi mtihani wa watu wazima wa kuingilia chuo. Ndipo akaanza kujaza maombi yake mwenyewe, chuo na ufadhili, na huyu aliyewajazia mamia akakwama kwenye insha. Aliandika, akamsomea binti yake.

"Mama," binti akasema, "figo umezitaja mara tatu."

Aliisoma tena. Kisha akacheka, kicheko kile cha kufunika mdomo, akafuta zote tatu. Akaandika kwamba anataka kuwafundisha hisabati watoto wanaoiogopa, kwa sababu yeye haiogopi.

Siku ya kutuma, baba yake alikuwa ameketi ubavuni, anasoma kwenye kioo cha kompyuta kwa miwani ya kukuzia. Akaona penye mdhamini pameandikwa: hana.

"Huna?" akauliza. "Na mimi niko hapa, nimekaa?"

"Baba, wewe ni mdhamini. Hawa wanamuulizia mwenye hela."

"Basi wamuulize mwenye hela. Neno la watu wanalichukulia nini?"

"Wameshalichukua, baba. Nikibishana nao nitakosa tena."

Mzee alitoka nje akasimama barazani kwa muda mrefu. Aliporudi alimwambia, "Tuma." Akatuma.

Tarehe 28 Agosti majibu yalikuja. Chuo kimempokea, ufadhili kamili, ada, vitabu na malazi. Chuo kina hospitali ya kusafisha damu umbali wa kutembea, alikuwa ameshaulizia. Duka lilifungwa mchana ule, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alinunua begi. Wanafunzi waliokuwa kwenye benchi walimpigia kelele, "Viambatisho viko wapi?" naye akawafunulia bahasha yake, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho, akiwa anafuta machozi kwa kitambaa cha kompyuta.

Mwanzoni mwa Septemba maambukizi yaliingia kwenye damu. Alilazwa tarehe 11. Siku za mwisho aliuliza mambo mawili tu: binti amekula, na kuripoti ni lini. Aliambiwa tarehe 9 Oktoba. Akasema, "Mbali." Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Septemba 2023, mumewe akiwa amemshika mkono ule wa kulia.

Ndugu zetu, lipo jambo moja ambalo familia imeona lisemwe. Tulipokaa kuandika wasifu huu, mstari wa kwanza tulioandika ulikuwa: "mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ualimu wa hisabati." Baba yake ndiye aliyeutaka. Alisema jina limeshaingia kwenye orodha, basi liachwe, siku ya kufungua lisomwe mbele ya watu, hata kama hakuna wa kuitika. Angalau mara moja liitwe chuoni.

Mume alipiga simu chuoni kuwaarifu msiba. Sauti ikamjibu kwamba mwenye uwezo wa kujiondoa ni mwombaji mwenyewe, kupitia akaunti yake. Akawaambia mwombaji amefariki. Sauti ikasema inasikitika, ila utaratibu ndio huo. Asipojiondoa, nafasi itashikwa mpaka wiki ya pili ya masomo, ndipo apewe aliye kwenye orodha ya akiba.

Binti alikuwa anasikiliza. "Babu," akasema, "kwa hiyo kuna mtu yuko nyumbani kwao, anasubiri, hajui."

Babu aliutazama ule mstari wetu wa kwanza.

"Babu, mama angemwambia nini?"

Mzee akasema, "Fungua."

Nywila ilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Kwenye sababu za kujiondoa palikuwa na nne za kuchagua: nimepata chuo kingine, sababu za kifedha, nimebadili mawazo, nyingine. Binti alichagua nyingine, akabonyeza. Jana adhuhuri, jeneza likiwa tayari sebuleni, simu ya mama yake ikalia mezani. Ujumbe ulisema: "Ndugu mwombaji, ombi lako la kujiondoa limekubaliwa. Tunakutakia kila la heri katika mipango yako."

Tukaufuta ule mstari. Tunamzika leo akiwa si mwanafunzi wa chuo chochote.

Ameacha baba yake, mumewe, binti yake, mdogo wake wa kiume pamoja na wifi na watoto wao wawili, mama mdogo aliyemlea alipofiwa, na wanafunzi wa lile benchi ambao hawakuhesabiwa. Ameacha pia mtu mmoja tusiyemjua, ambaye tunatumaini simu yake imelia leo asubuhi.

Mtoto wetu apumzike. Alikuwa amechoka.