Gauni Lile Lile

Kwenye basi la jioni, mbele yangu alikaa fundi cherehani, futi ya kupimia bado ikimning'inia shingoni. Pembeni yake alikaa mama aliyekuwa akitafuta mtu wa kumshonea bintiye gauni la harusi. Hawakuwa wakijuana, lakini fundi alishamshikisha simu.

“Tazama tovuti hii, halafu hii. Ungemwendea nani?”

Mama hakusita. “Huyu wa pili. Picha moja kubwa ya gauni, nafasi ya kutosha, namba ya simu naiona hapo hapo. Huyu wa kwanza, mh! Picha zimebanana, maua yanawaka na kuzima, maandishi mekundu juu ya zambarau. Macho yananiuma.”

“Wa kwanza ni mimi,” fundi alisema. Nilijifanya nasoma tangazo la dirishani. “Wa pili ni mdogo wangu, tumbo moja. Hata kukunja upindo nilimfundisha mimi, leo wateja wanapanga foleni kwake. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.”

“Pole, dada. Lakini gauni lake limetulia.”

“Gauni lake? Nimelishona mimi, kwa mikono yangu hii, kabla hatujatengana! Hata kwangu lipo.”

“Liko wapi?”

Fundi akaanza kutelezesha kidole. Akapita sare za shule, mapazia, maua, tena mapazia. “Lipo,” alisema. “Subiri kidogo.”

Basi liliposimama, mama aliaga akashuka. Fundi hakumsikia. Alikuwa bado anatafuta.