Sauti ya Mwanangu Si Mahindi ya Kuchoma

Wazee wenzangu, shikamooni. Na ninyi wadogo mlionisalimu mlangoni, marahaba. Mwenyekiti kaniomba nisimtaje mtu. Sawa. Majina yote ninayo, hadi la mama yake yule mwenye duka, ila nayameza. Hasira simezi.

Ndugu zangu, mwanangu wa kike alikuwa akichapa barua kwa kompyuta kwenye duka moja Kariakoo, upande wa Msimbazi, miaka ile biashara imefunguliwa na kila mwenye chumba anakigeuza duka. Wateja wakipungua alimwimbia mwanawe, akajirekodi humo humo kwenye kompyuta. Kisha akaugua, akafa. Mtoto akabaki kwangu, hajajua hata kuita mama.

Nikaanguka. Maandazi nikaacha kukaanga, hata kuoga mpaka nisukumwe. Kitu kimoja tu nilikitaka: sauti ile, mtoto aje aijue. Nikasikia kompyuta za pale zinauzwa. Mbio nikaenda.

Mwenye duka akasema, "Subiri bibi, nakuchomea."

"Unichomee nini?"

"Sauti. Naichoma sasa hivi."

Nikamkaba shati. "Mwanangu nimemzika, na sauti yake uichome? Sauti ni mahindi?"

Duka zima likacheka, naye akacheka hadi akashika tumbo. Ndipo wakaniambia kuchoma kwao ni kunakili kwenye sidii. Nimefiwa, wao wanacheka! Mpaka leo sijasamehe, na msiniombe.

Akanipa sidii. Nikaipeleka Posta, ofisini kwa mpwa wangu. Majina ya nyimbo yanaonekana, ukibonyeza, kimya. Nikarudi dukani. Jamaa akaitia kwenye kompyuta ile ile ya mwanangu, sauti ikatoka! "Si hii hapa? Bibi, wewe na mashine wapi na wapi? Nenda kapumzike." Nikaenda Posta tena. Kimya.

Niliporudi, mnunuzi alikuwa mlangoni na mkokoteni, wanataka kuifuta kompyuta wampe. Nikaikumbatia.

"Bibi, unatuharibia biashara!"

"Iteni polisi! Mniburute nayo!"

Mama mmoja wa Kihindi, muuza vitambaa duka la pili, akaja kwa kelele zangu. Hakucheka. Akamwambia mwenye duka, "Lete hiyo sidii kwangu, nami nina kompyuta. Kama nzima, italia na kwangu."

Haikulia. Mwenye duka akaitazama, uso ukamshuka. Kumbe alichoma alama tu za kuonyesha nyimbo zimekaa wapi ndani ya kompyuta ile. Nyimbo zenyewe hakuzigusa! Ni sawa na kupewa anwani ukadhani umepewa nyumba. Nyumba yenyewe walikuwa wanaibomoa!

Akarudi kuchoma upya, nimemsimamia mgongoni. "Choma!" nikamwambia. "Choma zote!" Tukajaribu kwa jirani kwanza. Mwanangu akaimba. Nikaketi juu ya majora ya vitambaa, nikalia kilio ambacho msibani kilikataa kutoka. Asubuhi yake nikawasha jiko.

Namshukuru mama yule, na mpwa wangu, na ninyi mlioniletea unga nikiwa sina nguvu. Nawaambia hivi: mtu akikucheka kwa neno usilolijua, muulize tena, kwa sauti, wapita njia wasikie. Na usitoke dukani.

Mjukuu wangu leo anaziimba zote. Pale mama yake alipokosea maneno, naye anakosea pale pale.