Mlango wa Wasindikizaji katika Uwanja wa Ndege wa Kerrawong

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani Jepchumba Rotich, uliye pia Mwenyekiti wa Kamati ya Uwanja, meneja wetu, wafanyakazi wenzetu, na ndugu wa abiria mliomo ukumbini,

KARIBU

Sisi wafanyakazi tunaozungumza Kiswahili katika uwanja huu tunakukaribisha. Wewe mwenyewe uliomba risala isomwe kwa Kiswahili, nasi tunashukuru, kwa sababu jambo tunalolileta leo tulikwisha kulieleza kwa Kiingereza na halikueleweka. Meneja amepewa tafsiri. Tutakuwa wafupi. Risala imepangwa iishe kabla ndege ya mchana haijatua, na sababu yake utaiona.

UWANJA NA KAZI YETU

Uwanja wa Kerrawong ni mali ya umma. Una njia moja ya kurukia, ukumbi mmoja, mzani mmoja, na mashine ya kahawa inayofanya kazi inapotaka. Ndege zake ndogo huunganisha Sydney na miji ya bara, kwenye mashamba, machimbo na viwanda vya nyama ambako jamaa zetu wengi wamepata kazi. Sisi tuko kwenye usafi, mizigo na kaunta. Wengi wetu tunakuja kwa basi kutoka Mount Druitt. Tumo Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi, na lugha inayotukutanisha ni hii.

Ndege inapokuwa ndogo, rubani lazima ajue uzito anaoubeba. Kwa hiyo kila abiria hupanda mzani akiwa na mkoba wake. Pale mzanini tumejifunza mengi kuhusu watu. Wachimba migodi huvua buti bila kuambiwa. Wakulima huvua kofia. Mwanasheria mmoja alitoa pumzi yote kifuani kabla ya kupanda, kisha akaangalia namba kwa masikitiko. Hatujui kwa nini, tunaendelea kuchunguza.

Jambo jingine tulilochunguza ni namna watu wanavyoagana. Wenyeji wengi hushushwa barabarani na gari ambalo halizimi injini. Abiria wetu huja na watu saba, wakati mwingine zaidi. Tulimuuliza Bwana Henry, rubani mstaafu anayejitolea kwenye dawati la maelezo. Akasema kwao watu huagana nyumbani, jikoni, na inatosha. Kisha naye akatuuliza: "Ninyi mnaogopa nini njiani?" Tukaondoka na swali hilo.

MAFANIKIO

Tangu Kiswahili kiwepo kaunta, hakuna abiria wa lugha yetu aliyepanda ndege isiyo yake. Zamani ilitokea. Bwana mmoja alikuwa anakwenda msibani, akatua kwenye mji wa machimbo, akapokewa vizuri na watu wasiofiwa na mtu. Alirudi siku ya pili akiwasifu.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, taarifa iliyo mbele ya Kamati inasema kwamba Machi mwaka huu ndege ilichelewa "kutokana na msongamano wa wasio abiria". Sisi tulikuwepo. Msongamano haukuwepo. Kilichotokea ni hiki.

Mama Balagizi anaishi mji wa bara na kijana wake. Huja Sydney kutibiwa macho. La kushoto limekwisha. La kulia linatibiwa lisifuate. Siku hiyo alikuwa anarudi kwake, na binti yake Déborah, wa Mount Druitt, alikuja kumsindikiza pamoja na ukoo. Mama alipoelekezwa kwenye mzani, ukoo wote ulijipanga nyuma yake. Akapimwa yeye, akapanda dada yake, kisha shemeji, kisha watoto mmoja mmoja. Mwenzetu Muema, wa kaunta, aliandika uzito wa kila mmoja. Rubani alipoletewa hesabu alitoka nje kuitazama ndege yake, akarudi ndani.

"Hawa wote wanasafiri?"

"Hapana. Ni mama peke yake."

"Sasa hao wengine umewapimia nini?"

Muema akajibu, "Wamepanga laini, boss. Shangazi ashaweka mguu mmoja juu, nimwambie ashuke?"

Hesabu ikarudiwa, ndege ikachelewa; watu walicheka, nasi tulicheka. Baadaye tulitaka kujua kwa nini walipanga mstari, tukamuuliza Déborah. Alishangaa kwamba tunauliza.

"Mulipita ku kambi, ninyi?" akasema. "Mutu wa yunifomu akitosha mzani inje, familia yote inasimama. Ule mwenye hakuhesabiwa, hana chakula, hana karatasi, hayuko. Mama alisikia mzani, akasema: simameni, batoto, banatuhesabu."

Wako miongoni mwetu waliokaa kambi za wakimbizi miaka mingi. Walikubali kwamba nao wangesimama. Tukampelekea Bwana Henry maelezo hayo, kwa kuwa ndiyo jibu la swali lake. Akasema yaandikwe kwenye taarifa. Hayakuandikwa.

Badala yake, tangu Jumatatu, kwa majaribio, mlango wa kutoka ukumbini kwenda kwenye ndege umefungwa kwa kila asiye abiria. Kamati itapiga kura wiki ijayo kama uendelee kufungwa. Hatupingi usalama, sisi ndio wa kwanza kuumia ndege ikizidishiwa mzigo. Lakini kosa lilikuwa mzanini, na kilichofungwa ni mlango.

Mama Balagizi hajui Kiingereza. Kwa jicho alilobaki nalo huona mwanga na vivuli. Alipoelezwa kuhusu mpango huu kwa simu, kabla ya Jumatatu, alimjibu binti yake: "Kama munaniachia ku mulango, jicho ibakie vile iko." Daktari amesema tiba ikikatizwa sasa, jicho hilo nalo litakwisha.

OMBI

Risala huwa na maombi mengi, na mashine ya kahawa ingestahili moja. Sisi tuna moja tu: abiria asiyeweza kutembea, kuona au kujieleza aruhusiwe msindikizaji mmoja hadi kwenye ngazi ya ndege, kwenda na kurudi. Mzani tumekwisha kuuhamishia nyuma ya kaunta, mahali anapofika mwenye tiketi tu. Tangu hapo hajapimwa mtu wa ziada.

Mheshimiwa, Mama Balagizi yumo kwenye ndege ya mchana huu. Alikubali kuja kwa sababu Déborah alimwahidi kumpokea chini ya ngazi. Alimwahidi kabla mlango haujafungwa, na hajathubutu kumwambia kwamba umeshafungwa. Déborah ni yule aliyesimama karibu na kioo, mwenye kitenge cha kijani. Ufunguo uko kwa msimamizi wa zamu, naye amesema atafungua mlango kwa amri yako tu. Hatukuombi uahidi lolote kuhusu kura. Tunaomba umwambie afungue sasa, kabla ndege haijatua, na utoke pamoja na Déborah.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na awafikishe salama wote walio angani saa hii.

Ni sisi,
Umoja wa Wafanyakazi Wazungumzao Kiswahili,
Uwanja wa Ndege wa Kerrawong, Sydney.

Imesomwa kwa niaba yao na Atupele Mwakalinga, Katibu.